Mtoto SS na kasha letu: majani, kapsule na jeni

Mazungumzo ya komite ya afya na akiba mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Kindu, kwa siku ya dunia ya drepanositozi, tarehe 19 Juni



Mkutano uliopita ulituagiza tuchunguze ulizo moja: franga za kasha la mshikamano zifanye nini juu ya watoto SS wa familia zetu? Wengine walisema tutafute dawa ya miti, ni ya kwetu na bei yake iko chini. Vijana walisema wamesikia kwenye telefone kwamba huko Ulaya na Marekani wamekwisha kupata dawa ya kubadili jeni, inayoponyesha SS kabisa, basi tungojee ile. Wengine tena walisema tununue moto, izunguke mjini, faida yake ilipe lopitali. Leo tunaleta jibu. Tumesoma, tumeuliza waganga na wauguzi, tumepiga hesabu. Mtusikilize, kiisha mtapiga kura.

Ugonjwa wenyewe

Tuanze na damu, juu wengi kati yetu wanasemaka SS bila kujua maana ya zile herufi mbili. Kila mtu anapokea urithi wa damu mara mbili: sehemu moja kwa baba, sehemu moja kwa mama. Aliyepokea A mara mbili ni AA. Aliyepokea A kwa mmoja na S kwa mwingine ni AS: huyu ni mzima, analima, anacheza mpira, hajui kama amebeba kitu. Aliyepokea S kutoka pande zote mbili ni SS. Chembe nyekundu za damu yake, ambazo zingekuwa mviringo na laini, zinajikunja sawa mundu wa kukatia mpunga. Zinakwama katika mishipa midogo, mtoto analia mifupa. Tena zinakufa mbele ya wakati wake, mtoto anaishiwa na damu.

Baba akiwa AS na mama AS, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto SS, mbili katika nne ya kuleta AS, na moja katika nne ya kuleta AA. Kila mimba, hesabu inaanza upya. Njo maana nyumba moja inaweza kuwa na watoto SS wawili wanaofuatana, na nyumba ya jirani yenye damu ileile haina hata mmoja. Tunalisema hili kwa sauti kubwa juu ya wamama: mtoto SS hakuletwa na mama peke yake, wala si uchawi wa nkambo, wala si mtoto mwenyewe anayekula damu yake. Ni baba na mama, nusu kwa nusu.

Kwa nini S iko nyingi kwetu? Mwaka 1954 munganga Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye AS analindwa kidogo na malaria. Pale mbu ni wengi, AS waliishi, wakazaa, wakaachia wajukuu urithi wao. Nchi yetu ni nchi ya mbu. Chini ya mto huuhuu wetu, kule Kisangani, waganga walipima watoto wachanga 520, na matokeo yakatoka mwaka 2010: karibu mmoja kwa mia ni SS, na 23 kwa mia ni AS. Kinshasa walipima watoto wachanga 31.204, wakakuta 1,4 kwa mia ni SS. Hesabuni watoto wanaozaliwa Kindu kwa mwezi, mtaona kwamba hili si jambo la nyumba mbili tatu.

Majani

Sasa dawa ya miti. Hatukuja kuwacheka wazee. Kinini ilitoka katika ganda la mti, na Pharmakina kule Bukavu imeitengeneza kwa miaka na miaka kutoka mikinkina iliyopandwa Kivu. Dawa nzuri ya malaria ya leo ilitoka katika jani la artemisia, na mama mmoja wa China, Tu Youyou, alipewa zawadi ya Nobel mwaka 2015 juu ya kazi ile. Jani si bongo. Ulizo ni: jani gani, kiasi gani, na nani amelipima?

Juu ya SS, watu wa kwetu ni kati ya wale waliotafuta sana. Chuo Kikuu cha Kinshasa, kundi la profesa Pius Mpiana lilichukua mimea ambayo waganga wa kienyeji wanatumia, wakatoa maji yake, wakaiweka pamoja na damu ya SS ndani ya chupa. Mwaka 2007 wakaandika katika gazeti la wataalamu kwamba mimea kadhaa ya Kongo inarudisha chembe kwenye umbo la mviringo. Rangi nyekundu na zambarau iliyo ndani ya majani, wanaiita antosiyani, waliiona kuwa na nguvu hiyo. Kati ya mimea waliyopima kuna hata ile ya mboga yenye harufu, lumbalumba. Kutoka kazi hizo ilizaliwa dawa ya unga wanayoiita Drepanoalpha.

Hiyo ni heshima ya nchi yetu. Lakini chupa si mtoto. Kitu kinaweza kufanya kazi vizuri ndani ya chupa, kikifika tumboni kinageuka. Ili tujue, inahitaji watoto wengi, nusu wakipewa dawa na nusu wasipewe, waangaliwe miaka. Kazi hiyo inakula franga nyingi, na hapo njo pale dawa za miti zinakwamaka.

Sikilizeni habari ya Nigeria. Walikuwa na dawa inaitwa Niprisan, ya miti minne: pilipili ya porini, karafuu, majani ya mtama, na mti wa jamii moja na mukula wa Katanga. Ilitoka kwa mganga wa kienyeji, ikachukuliwa na taasisi ya serikali kule Abuja, ikapimwa kwa wagonjwa 82, na ikaonekana inaweza kupunguza maumivu. Mwaka 2006 kampuni ya Marekani ilianza kuiuza kwa jina la Nicosan. Mwaka 2008 kampuni ikafilisika. Wagonjwa walioizoea wakabaki mikono mitupu. Jani halikufa, mtaji njo ulikufa. Wenye kuweka franga zao walitaka faida ya haraka, na dawa ya maskini haileti faida ya haraka.

Kwa hiyo juu ya majani komite inasema hivi. Lumbalumba na mboga nyekundu ndani ya sahani, hakuna anayekataza. Mtoto ale vizuri, anywe maji mengi. Lakini mtoto SS asiachishwe dawa ya lopitali juu ya kikombe cha majani. Mafigo ya SS yamekwisha kuchoka, na dawa kali ya mizizi inaweza kuyamaliza. Tena kumpa mtoto dawa kwa bomba nyuma ni hatari kubwa: inamharisha, maji yanamtoka, na kukauka kwa maji njo kunaamsha maumivu. Mama anayetumia majani amwambie muuguzi bila kuogopa. Na sisi tunaomba wauguzi wasimkaripie, juu akikaripiwa leo, kesho atanyamaza.

Kapsule

Kuna dawa moja ambayo wengi hawaijui, na kwa maoni yetu ni yenye maana kuliko yote leo: hydroxyurea. Ni kapsule. Si mpya, walianza kuitengeneza katika karne ya 19, na Marekani iliikubali kwa wakubwa wenye SS mwaka 1998. Kazi yake ni kuamsha damu ya utoto. Kila mmoja wetu, akiwa tumboni mwa mama, alikuwa na aina nyingine ya hemoglobini, ambayo haijikunji. Baada ya kuzaliwa, mwili unaizima. Hydroxyurea inaiwasha tena kidogo, na pale iko, chembe za SS hazijikunji sana.

Watu walikuwa wanauliza: dawa ile kwetu, pamoja na malaria na njaa, haitawaua watoto? Jibu lilitolewa na Waafrika. Waganga wa Kinshasa kwenye lopitali ya Monkole, wa Luanda, wa Kilifi kule Kenya, na wa Mbale kule Uganda, waliwapa watoto 606 wa kati ya mwaka 1 na miaka 10. Wa kwanza kuandikwa katika ripoti ni munganga wetu Mkongomani, Léon Tshilolo. Ilitoka mwishoni mwa mwaka 2018. Shikeni namba hizi, juu ni namba za watoto kama wa kwetu. Kwa kila watoto 100 kwa mwaka, mashambulio ya maumivu yalishuka kutoka 98 mpaka 45. Malaria kutoka 47 mpaka 23. Kutiwa damu kutoka 43 mpaka 14. Na vifo kutoka 3,6 mpaka 1,1.

Si dawa ya kununua sokoni na kumeza ovyo. Munganga anaiandika, damu inapimwa kila baada ya muda, kipimo kinaongezwa polepole, na mama mwenye mimba haimezi. Lakini iko, na inamezwa kila siku. Tuandike mioyoni neno hili: kila siku. Tutalirudilia tukifika kwenye kasha.

Pamoja na kapsule kuna vitu vidogo ambavyo vinaokoa sana: penisilini asubuhi na jioni mpaka miaka mitano, chanjo zote, mustikere kila usiku, asidi foliki, maji. Penisilini ilipimwa Marekani, na mwaka 1986 ikaonekana inapunguza maambukizi mabaya ya pneumokoki kwa 84 kwa mia. Hii ni dawa ya bei ya chini.

Jeni

Tunakuja kwa vijana na telefone zao. Mlichosikia ni kweli. Mwezi wa Novemba 2023 Uingereza, na mwezi wa Desemba Marekani, walikubali Casgevy. Siku ileile Marekani ilikubali na nyingine, Lyfgenia. Watu wenye SS waliopata matibabu hayo, wengi wao hawakuona tena maumivu makubwa kwa muda wote walioangaliwa.

Wanafanya namna gani? Wanachota kwa mgonjwa mbegu za damu, zile zinazozaa chembe zote, wanazipeleka katika maabara. Kwa Lyfgenia wanatumia virusi sawa pirogi. Mnajua pirogi inayovuka kutoka Kasuku kwenda Alunguli: haiulizi mzigo ni wa nani, inavusha tu. Virusi ni fundi wa kuvuka ukuta wa seli. Wataalamu wamechukua virusi ya jamii ya ile ya SIDA, wakaondoa kila kinacholeta ugonjwa, wakapakia ndani yake jeni nzuri ya hemoglobini. Pirogi inavuka, inashusha mzigo, kazi imekwisha. Kwa Casgevy hakuna pirogi: wanaishtua seli na umeme kidogo, mlango unafunguka, wanaingiza mkasi mdogo sana unaokata swichi inayozima damu ya utoto. Mmeona? Ni mlango uleule ambao kapsule inaubisha kila asubuhi; hawa wameuvunja mara moja kwa siku zote.

Lakini mbele ya kurudisha zile mbegu, wanapaswa kufagia mbegu za zamani ndani ya mifupa kwa dawa kali za kansa. Mgonjwa anakaa wiki nyingi lopitali ndani ya chumba safi sana, nywele zinatoka, tena anaweza kukosa kuzaa. Na bei: Casgevy dola milioni 2,2 kwa mtu mmoja; Lyfgenia dola milioni 3,1. Tulipiga hesabu. Chama cha watu 100, kila mtu akitoa dola moja kwa mwezi, kitafika kwenye bei ya Casgevy moja baada ya miaka zaidi ya 1.800.

Hata wenye mitaji wanapata shida. Kampuni ya bluebird bio iliyotengeneza Lyfgenia ilikuwa na bei ya mabilioni ya dola wakati wa sifa zake. Mwaka 2025 iliuzwa kwa fungu dogo sana la bei ile. Habari ni ileile ya Nicosan, kwa vazi lingine.

Hatusemi vijana wakate tamaa. Mwaka 2019 serikali ya Marekani kupitia taasisi yake ya afya, na mfuko wa Gates, waliahidi dola milioni 100 kila mmoja kutafuta namna ya kupeleka jeni moja kwa moja mwilini kwa sindano, bila dawa za kansa, ili ifike na kwetu. Inaweza kuja. Lakini mtoto wa miaka miwili aliyeko Mikelenge leo hawezi kuingojea akiwa amekufa. Kazi yetu ni kumfikisha mzima mpaka siku ile.

Kila kizazi na akiba yake

Hapa tunaingia mahali pagumu, juu mkutano uliopita wazee na vijana waligombana kidogo.

Wazee wanapenda mabati, mbuzi, shamba la mpunga na mawese. Vijana wanawaita watu wa zamani. Lakini kumbukeni walichoona. Mwishoni mwa 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa, mwenye mfuko wa noti akabaki na karatasi. Mwaka 1991 watu wa Kinshasa walitia franga zao kwa Bindo, wakaahidiwa mara nyingi, ikaanguka. Mwaka 1993 zaire mpya moja ikachukua nafasi ya milioni tatu za zamani. Mwaka uliofuata bei zilipanda zaidi ya 9.000 kwa mia. Mwaka 1998 ikaja franga. Mtu aliyepita katika hayo anaweka akiba yake katika kitu kinacholia usiku zizini. Si ujinga, ni elimu.

Vijana wanapenda telefone, dola, moto, na wengine wanachezea michezo ya intaneti inayoahidi kuzidisha franga. Na wao wameona: walikua kambini kule Tanzania, ambako shamba halikuwa lao, walirudi wakakuta kiwanja cha baba kina mwenyewe mwingine. Mtu wa namna hiyo anataka mali ambayo anaweza kukimbia nayo mfukoni. Na hiyo ni elimu.

Lakini wazee na vijana wanafanana mahali pamoja. Mbuzi anauzwa siku ya kilio. Moto inauzwa siku ya kilio. Likelemba inavunjwa siku ya kilio. Mtoto akifa, kabla jua kushuka tumepata sanduku, mchele, mahema, na kahawa ya usiku. Ni uzuri wetu, tusiuache. Ila dawa ya kila siku haina kilio. Haipigi kelele. Kapsule ya Jumanne haimkusanyi mtu. Njo maana hakuna akiba yetu hata moja, ya mzee wala ya kijana, iliyopangwa juu yake.

Na moto je? Moto ni biashara nzuri kwa anayeijua. Lakini faida ya moto inakuja wakati barabara imekauka, tairi ni zima, na mafuta yamefika Kindu. Mtoto SS anahitaji franga inayofika tarehe yake, mvua ikinyesha au isinyeshe.

Tunayopendekeza

Moja. Tutenge makasha mawili. Kasha la kuzaa: hapo vijana wanunue moto, wamama wafanye biashara ya mawese, faida igawanywe kama katika AVEC, kitabu wazi na funguo tatu kwa watu watatu. Na kasha la kulinda: sehemu moja katika tano ya mchango wa kila mwezi iingie hapo mbele ya yote, isikopeshwe, isiguswe juu ya kilio wala sherehe. Inalipa penisilini, asidi foliki, hydroxyurea kwa wale munganga amewaandikia, na kupima damu yao.

Mbili. Tujue damu yetu. Kipimo cha Emmel kinaonyesha kwamba S iko, lakini hakitenganishi AS na SS. Siku hizi kuna vipimo vya haraka vya tone la damu la kidoleni vinavyotenganisha, na jibu linatoka palepale. Tuanze na watoto wachanga na ndugu za watoto SS, kiisha vijana wanaotaka kuoana. Hatukatazi ndoa ya mtu yeyote. Tunataka waingie macho wazi, na mtoto akizaliwa apimwe mbele ya kulia mifupa.

Tatu. Kijana ambaye hana franga ana damu. Mwenye afya na aliyepimwa, aandikishwe kuitoa kwa zamu. Mtoto SS akiishiwa na damu usiku, mbuzi hawezi kuuzwa saa nane. Damu ya kijana ikiwa tayari lopitali, hiyo ni akiba ambayo hakuna serikali inayoweza kuibadili noti.

Ine. Kila mtoto SS awe na kitabu chake kinachobaki nyumbani, chenye chanjo, vipimo na kipimo cha dawa. Sisi tunaohama tunajua: mtu anaweza kupoteza nyumba na asipoteze karatasi iliyoshonwa ndani ya nguo.

Kwenu wafadhili, tunasema kwa adabu na kwa ukweli. Zawadi kubwa ya mara moja inatufurahisha, tunapiga picha, na mwezi wa saba watoto hawana dawa. Mkitupatia kidogo kwa miaka mitatu, kwa tarehe inayojulikana, tutafanya nayo kazi kubwa kuliko kingi cha siku moja. Vipimo vya haraka ni vigumu kuvileta Kindu, juu vingi vinapita kwa ndege. Hapo tunawahitaji sana. Mchango wa mwezi tutautoa wenyewe, kwanza.

Wazee, kura inakuja. Asiyekubali aseme hapa, si njiani. Mtakaponyoosha mikono, fikirini kwamba watoto wa nyumba zetu hawaulizi kama dawa ni ya jani, ya kapsule au ya jeni. Wanauliza kama iko ndani ya nyumba usiku wa leo.